Mlezi, Kazi na Baba: Taswira ya Uongozi katika Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuipita Biblia kando. Wanaisimu huitaja wanapoeleza historia ya usanifishaji wa lugha, na wanateolojia huisoma kwa ajili ya mafundisho yake. Mhakiki wa fasihi huiacha kana kwamba haimhusu. Hata hivyo, yumkini hakuna nathari ya Kiswahili inayosomwa kwa sauti mbele ya watu wengi zaidi kila juma katika Afrika ya Mashariki. Nathari ya namna hiyo haiwezi kukosa kuathiri jinsi wasikilizaji wake wanavyozitumia na kuzielewa taswira, hasa taswira zinazohusu mamlaka ya mtu juu ya mwenzake.

Makala haya yanashughulikia sehemu fupi tu ya nathari hiyo, yaani aya 12 za mwanzo za sura ya pili ya Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike. Humo kiongozi wa kidini anajifananisha kwanza na mlezi wa watoto wachanga, kisha anaeleza kazi ya mikono aliyoifanya usiku na mchana, na mwishowe anajifananisha na baba. Hoja itakayotolewa ni kwamba mfuatano huo wa mambo matatu ndio uti wa mgongo wa maana ya kifungu chote. Kazi imewekwa baina ya mlezi na baba kwa sababu ndiyo inayompa baba haki ya kusema. Aidha, makala yanakusudia kuonyesha kuwa tafsiri za Kiswahili zimeihifadhi sehemu ya hoja hiyo na kuipoteza sehemu nyingine, na kwamba hasara hiyo haiko katika maneno tu. Katika nchi ambamo kiongozi wa kanisa huitwa baba, padre, au baba askofu, ni muhimu kujua neno hilo lilikuja na masharti gani.

Mazingira ya waraka

Waraka huu huhesabiwa na wataalamu wengi kuwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Agano Jipya, na huwekwa katika miaka ya 50 au 51 baada ya Kristo. Thesalonike ulikuwa mji wa bandari na makao makuu ya jimbo la Kirumi la Makedonia, na barabara kuu ya Warumi iliyounganisha mashariki na magharibi, Via Egnatia, ilipita hapo. Watu wa kila namna walipita pamoja na bidhaa zao, na miongoni mwao walikuwamo wasemaji wa kuzunguka: wanafalsafa, waganga, na wahubiri wa dini mpya. Baadhi yao walijulikana kwa kuwasifu watu usoni, kukusanya ada, kisha kuondoka.

Kwa mujibu wa kitabu cha Matendo ya Mitume, Paulo na wenzake waliondoka Thesalonike usiku, baada ya ghasia kuzuka na mwenyeji wao Yasoni kupelekwa mbele ya wakuu wa mji. Kwa hiyo waraka unaandikwa na watu walioondoka ghafla, ukiwaendea watu ambao wangeweza kuuliza kwa haki kama wageni wale hawakuwa matapeli kama wengine. Inafaa ikumbukwe pia kwamba wanaoandika ni watatu: Paulo, Silwano na Timotheo. Nafsi inayosema ni “sisi” katika sehemu kubwa ya waraka, jambo linalopunguza makali ya mtu mmoja anayejitetea.

Msomaji akiyafahamu mazingira haya, ataelewa kwa nini sura ya pili inaanza kwa kukanusha. Waandishi wanakana hila, wanakana maneno ya kujipendekeza, wanakana tamaa ya mali iliyofunikwa, na wanakana kutafuta utukufu kwa watu. Baada ya kukanusha huko ndipo taswira inapoingia. Taswira ya mlezi, basi, ni jibu kwa shtaka, wala haikutiwa ili kuipamba lugha.

Mlezi au mama?

Neno la Kiyunani lililotumiwa katika aya ya saba ni trophos. Kwa kawaida lina maana ya mwanamke anayelisha na kulea mtoto, na mara nyingi mnyonyeshaji aliyeajiriwa au mtumwa aliyepewa kazi hiyo katika nyumba ya wenye uwezo. Abraham Malherbe, katika makala yake ya mwaka 1970, alionyesha kuwa taswira ya mlezi mpole ilikwisha kuwa mali ya wanafalsafa wa zama hizo, ambao walijadili kama msemaji wa kweli anapaswa kuwa mkali au mpole kwa wasikilizaji wake. Hivyo Paulo hakuizua taswira hii. Jipya ni nyongeza aliyoitia: mlezi huyu anawatunza watoto wake mwenyewe.

Nyongeza hiyo yahitaji kuangaliwa kwa makini. Mlezi wa kuajiriwa hulea watoto wa mwajiri na hulipwa. Akirudi kwake, humkuta mtoto wake naye anamngoja, na kwa mtoto huyo hapati ujira wowote. Taswira imeunganisha mambo mawili: ujuzi wa mtu aliyeifanya kazi ya kulea hadi akaizoea, na mapenzi ya mtu asiyetazamia malipo. Ni mlezi aliyevuka kutoka katika mkataba na kuingia katika ujamaa.

Tafsiri ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952 ilichagua neno “mlezi”, ilhali tafsiri ya Habari Njema, iliyokusudiwa kuwa nyepesi kwa msomaji wa kawaida, ilichagua “mama”. Kwa mtazamo wa kwanza neno “mama” lina nguvu zaidi, kwa kuwa linagusa moyo moja kwa moja. Lakini katika Kiswahili “mama” ni jina la uhusiano na la heshima. Mwanamke yeyote mzima huweza kuitwa hivyo bila ya kufanya lolote. “Mlezi” ni jina la mtendaji. Limejengwa juu ya kitenzi -lea, na halimstahili mtu asiyelea. Wahenga waliitambua tofauti hii waliposema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Fomu za shule nazo huitambua zinapotenga nafasi ya “mzazi au mlezi”, maana ofisi ya mwalimu mkuu inajua kuwa anayemlipia mtoto karo na kuamka naye usiku si lazima awe aliyemzaa.

Kwa sababu hii, uamuzi wa wafasiri wa mwaka 1952 ni bora kifasihi, ingawa neno lao linasikika kuwa baridi kidogo. Paulo mwenyewe alijua kutumia taswira ya kuzaa alipoitaka: katika Waraka kwa Wagalatia anajieleza kuwa yuko katika utungu. Hapa hakuitumia. Amewachagulia Wathesalonike sehemu ya uzazi isiyo na tukio kubwa wala sherehe, ile inayorudiwa kila siku: kulisha, kupakata, kusafisha, kunyamazisha.

Msomaji wa pwani ana ufunguo mwingine wa taswira hii. Katika jamii za Waislamu wa upwa wetu, watoto walionyonya ziwa moja huwa ndugu kiasi cha kuharimishiana ndoa, hata kama hawakuzaliwa na mama mmoja. Maziwa hujenga nasaba. Aliyenyonyesha huwa ametoa kitu cha mwilini mwake, na kitu hicho huumba udugu ambao haukuwapo. Hilo liko karibu sana na asemalo Paulo katika aya ya nane: kwamba waliowafikia Wathesalonike walitaka kuwapa, pamoja na ujumbe waliouleta, nafsi zao wenyewe. Mnyonyeshaji hawezi kumpa mtoto maziwa huku akiuzuia mwili wake.

Kuna mgogoro wa nakala katika aya hiyo ya saba ambao haufai kunyamaziwa. Nakala kadhaa za kale zina neno epioi, “wapole”, na nyingine, zikiwamo baadhi ya zile zenye umri mkubwa kabisa, zina nepioi, “watoto wachanga”. Tofauti ni herufi moja. Wafasiri wa Kiswahili wamefuata “wapole”, na sentensi yao inapita bila kikwazo. Lakini wahariri wa matoleo ya Kiyunani yanayotumiwa sana leo huchapisha “watoto wachanga”, na Beverly Gaventa, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu taswira za umama kwa Paulo, ameitetea nakala hiyo. Ikiwa ndivyo, viongozi wanajiita watoto kabla ya kujiita mlezi. Taswira inakuwa ya kukanganya, lakini ukanganyifu huo una faida: kiongozi aliyekwisha kujiita mchanga hawezi kuushika umama wake kama fimbo.

Kazi katikati

Baada ya mlezi, msomaji angetazamia baba aje mara moja, maana ndivyo taswira za wazazi zinavyozoea kwenda pamoja. Haji. Katika aya ya tisa waandishi wanasimama na kuwakumbusha wasikilizaji kazi. Wanatumia maneno mawili ya Kiyunani, kopos na mochthos, ambayo Union Version imeyafasiri “taabu” na “masumbufu”. La kwanza lina maana ya kazi inayomchosha mtu hadi viungo. La pili lina maana ya ugumu unaoambatana na kazi hiyo. Tafsiri imeipata hali ya mateso, lakini jasho halimo vya kutosha. Msikilizaji wa Kiswahili anaposikia “masumbufu” huweza kufikiri juu ya maudhi na mateso ya mahubiri, ilhali maana iliyokusudiwa ni kazi ya mikono ya kupata riziki.

Matendo ya Mitume yanaeleza kuwa Paulo alikuwa mshonaji wa mahema, na kwamba kule Korintho alifanya kazi hiyo pamoja na Akila na Prisila. Ronald Hock, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1980, alisisitiza kwamba kazi hiyo haikuwa kipengele kidogo cha maisha ya Paulo. Fundi wa aina hiyo aliketi katika kibanda kuanzia alfajiri, ameinama juu ya ngozi au turubai akiwa na kisu na sindano, na watu wa tabaka la juu walimdharau. Katika fikira za wasomi wa Kirumi, kazi ya mikono ya kutwa haikumfaa muungwana. Kwa hiyo kiongozi aliyechagua kibanda badala ya ada alijishusha kwa namna ambayo kila mtu mjini aliiona.

Kauli ya “usiku na mchana” haina budi kusomwa kwa mizani ya taswira iliyotangulia. Mlezi wa mtoto mchanga naye hana usiku. Kazi ya fundi na kazi ya mlezi zinakutana katika usingizi uliokatwa. Hapa fani na maudhui vimefungamana barabara: tashbihi ya mlezi, ambayo ingeweza kubaki maneno matamu, inadhaminiwa papo hapo na ushahidi wa kazi iliyoonekana. Waandishi wanaeleza na sababu: wasimlemee mtu yeyote. Mzazi ndiye anayebeba. Mtoto mchanga habebeshwi.

Lakini uhakiki wa haki hauna budi kukabili ugumu mmoja. Katika Waraka kwa Wafilipi, Paulo anakiri kuwa alipokuwa Thesalonike, Wafilipi walimpelekea msaada zaidi ya mara moja. Basi hakujitegemea kwa kazi ya mikono peke yake, na Wathesalonike hawaelezwi jambo hilo hapa. Je, huku ni kuficha? Jibu linapatikana katika mantiki ya taswira yenyewe, ambayo Paulo anaieleza wazi katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho: wazazi ndio wanaopaswa kuwawekea watoto akiba, wala si watoto kuwawekea wazazi. Alipokea kutoka kwa waliokwisha kusimama kwa miguu yao, akakataa kwa waliokuwa bado mikononi. Hata hivyo, inafaa ikubaliwe kuwa picha ya “usiku na mchana” imechorwa kwa kuacha kitu nje ya fremu, kama msanii yeyote afanyavyo.

Kadhalika haifai kifungu hiki kigeuzwe kuwa sheria ya kuwanyima watumishi mishahara. Paulo huyohuyo, katika sura ya tisa ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anatetea kwa hoja nyingi haki ya mhubiri kulishwa kwa kazi yake, kisha anasema kwamba yeye hakuitumia haki hiyo. Kujitolea kuna thamani pale tu ambapo haki ipo na mwenyewe ameiachia. Mchungaji asiyelipwa kwa sababu usharika wake umemsahau hawi Paulo kwa kule kusahauliwa. Amedhulumiwa tu, na wanaomsifia dhuluma hiyo kwa jina la sadaka wanaongeza kosa juu ya kosa.

Baba aonyaye

Katika aya ya kumi na moja ndipo baba anapofika. Kiyunani kina vitenzi vitatu hapa: kuhimiza, kufariji, na kusisitiza kwa ushuhuda. Union Version imetanguliza kitenzi “kuonya” na kukifanya ndicho kinachobeba tashbihi ya baba. Kufariji na kushuhudia vinakuja nyuma yake. Athari yake ni kubwa. Ingawa katika Kiswahili cha zamani kuonya kuliweza kuwa na maana pana ya kufundisha na kuelekeza, leo neno hilo humletea msikilizaji picha ya kidole kilichoinuliwa. Baba wa Kiyunani anasimama karibu na mtoto na kumtia nguvu. Baba wa Kiswahili anasimama mbele yake na kumkanya.

Pamoja na hayo, tafsiri imehifadhi jambo moja la thamani: kwamba baba huyu alishughulika na kila mmoja peke yake. Huyu si baba wa mimbari anayewaonya watu mia tano kwa pamoja. Anawajua kwa majina. Na mtu hawezi kumjua kila mmoja kwa jina isipokuwa amekaa nao kibandani, sokoni na nyumbani.

Ufaao kuzingatiwa zaidi ni mfuatano. Kulea kwanza, kazi pili, kuonya tatu. Mfuatano huo haukutokea kwa bahati, kwa sababu waraka unaurudia katika sura ya tano, unapowataja viongozi wa hapo mjini: wanatajwa kwanza kuwa wafanyao kazi kwa bidii, kisha wasimamizi, kisha waonyaji. Kitenzi cha bidii hapo kinatokana na shina lilelile la kopos. Anayetaka kuonya sharti apitie mlango wa jasho.

Fasihi ya Kiswahili ina mifano ya kupimia jambo hili. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wasia wa mama aliye mgonjwa kwa binti yake. Mamlaka ya sauti ile yanatoka katika malezi yaliyokwisha kufanyika na katika kifo kinachokaribia. Shaaban Robert naye aliwatungia watoto wake tenzi za maadili, Hati kwa binti na Adili kwa mwana, baada ya kufiwa na mama yao, na msomaji huziamini nasaha zake kwa sababu anamwona mzazi aliyebaki na mzigo. Kwa upande wa pili yumo Zakaria, baba katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1971. Zakaria ni mlevi, na mzigo wa nyumba umemwelemea Regina, mkewe. Lakini inapopatikana barua ya mvulana, ni Zakaria anayempiga Rosa. Ana jina la baba na mkono wa baba, lakini kazi imefanywa na mwingine. Matokeo ya onyo lisilo na malezi nyuma yake yanaijaza riwaya yote. Zakaria ameruka hatua mbili za mfuatano na kuishika ya tatu.

Yatima na ndugu

Istiara ya uzazi ina hatari yake, na mhakiki asiyeitaja atakuwa ameifanya kazi nusu. Anayejiita mzazi amewafanya wenzake kuwa watoto, na mtoto hahoji. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, Paulo mwenyewe anafika mahali pa kuwauliza watoto wake kama aje kwao na fimbo. Katika Kenya hatari hii haihitaji kuelezwa kwa nadharia. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya kundi moja la kidini, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa, na miongoni mwao watoto wengi. Uongozi wa kiroho ulidai utii wa mtoto kwa mzazi, na chakula, ambacho ndicho kitu cha kwanza mlezi hutoa, ndicho kilichozuiwa. Hakuna mgeuko wa taswira ya trophos ulio kamili na wa kutisha kuliko huo.

Je, waraka una kinga yoyote dhidi ya mgeuko huo? Zipo tatu, na zote zimo katika lugha yake.

Ya kwanza ni marudio ya kauli za kuwakumbusha wasikilizaji kwamba wanajua, wanakumbuka, ni mashahidi. Katika aya hizi 12 kauli za namna hiyo zinajitokeza karibu katika kila hatua ya hoja. Watoto ndio waliofanywa mahakimu wa malezi waliyopewa. Mzazi hasemi kwamba yeye ni mzazi kwa hiyo asadikiwe. Anasema kwamba walimwona, kwa hiyo waseme wao. Tena waraka unakaribia kufungwa kwa kuwataka wajaribu mambo yote na kushika yaliyo mema.

Kinga ya pili ni neno “ndugu”. Limetumiwa zaidi ya mara kumi katika waraka huu mfupi, na mahali pamoja linapotokea ni katika aya ya tisa, aya ya kazi, katikati ya mlezi na baba. Wasikilizaji wanaambiwa wao ni watoto kwa tashbihi, kwa kutumia “kama”. Wanaitwa ndugu moja kwa moja, bila ya “kama”. Tofauti hiyo ya fani ni hoja nzito. Uzazi ni mfano wa kueleza namna ya kuhudumu, na udugu ndio hali yenyewe.

Kinga ya tatu imepotea katika Kiswahili. Katika aya ya kumi na saba, waandishi wanapoeleza kutengana kwao na Wathesalonike, wanatumia kitenzi chenye shina la “yatima”: wamefanywa yatima kwa kuwakosa. Tafsiri zetu zimesema juu ya kutengana tu. Kumbe waliokuwa mama na baba katika aya zilizotangulia wanajieleza sasa kuwa wao ndio waliofiwa na wazazi. Duara la taswira linakamilika kwa kiongozi kukiri kuwa anawahitaji aliowalea. Uchungu wa mwana, kama wasemavyo wahenga, aujuaye ni mzazi. Lakini waraka unathubutu kusema zaidi ya methali, kwamba mzazi naye huweza kuwa yatima wa mwanawe. Wafasiri wajao hawana sababu ya kuliogopa neno hili. Kiswahili kinaweza kulibeba bila shida.

Baba pasipo mlezi

Ukiupima uongozi wa makanisa yetu kwa mfuatano huu wa mlezi, kazi na baba, utaona kuwa mara nyingi mambo matatu yaliyokuwa katika mtu mmoja yamegawiwa watu mbalimbali. Katika parokia nyingi za Kikatoliki mashambani, padre mmoja huwa na vigango vingi, na Jumapili ambayo hakufika katekista ndiye anayeongoza ibada, anayefundisha watoto, anayekwenda kwenye matanga, na anayejua nyumba ipi haijapika. Kisha hurudi shambani kwake, kwa kuwa posho, kama ipo, haimtoshi. Katekista ni mlezi na ni mfanyakazi. Jina la baba limebaki kwa mwingine. Katika makanisa ya Kiprotestanti, mke wa mchungaji huitwa mama na hubebeshwa wageni, wagonjwa na vikundi vya wanawake, na kazi hiyo haiandikwi katika hesabu yoyote. Ubaba umepewa kiti na joho, na ulezi umeachwa jikoni.

Haisemwi hapa kwamba padre mwenye vigango kumi hafanyi kazi. Wengi wao hujichosha barabarani hadi afya ikaharibika. Linalosemwa ni kwamba jina la heshima limetengana na kazi iliyolizaa, na jina likikaa peke yake huanza kutafuta chakula kingine. Hapo ndipo zinapoingia fedha za wanasiasa. Mnamo Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipokataa mchango wa fedha uliotolewa na Rais William Ruto kwa kanisa moja la jimbo hilo, wengi walilitazama tendo hilo kama siasa. Kwa msomaji wa sura hii ya pili, lilikuwa pia tendo la ufafanuzi wa matini. Waandishi wa waraka walikana tamaa iliyofunikwa, na mchango unaopokelewa mbele ya kamera huja na kifuniko chake.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba aya 12 zilizozoeleka masikioni mwa waumini zina mpango wa kisanaa ulio imara. Mlezi ametangulia, kazi imefuata, baba amekuja nyuma. Mashahidi ni watoto wenyewe, na jina la kudumu ni ndugu. Union Version imeupata “mlezi” kwa usahihi mkubwa, imeipunguzia kazi jasho lake, imemfanya baba kuwa mkali kuliko asili, na imemwacha yatima nje. Habari Njema imempa msomaji “mama” aliye karibu na moyo, lakini imemnyima kitenzi kilichomo ndani ya mlezi.

Kazi ya tafsiri haijesha, na kila kizazi cha Waswahili kitahitaji kuyapima upya maneno hayo. Wakati kazi hiyo ikingojewa, msikilizaji aliyeketi kanisani anaweza kuuliza swali ambalo waraka wenyewe unamruhusu, na hata kumhimiza, kuuliza kila anaposikia mtu akiitwa baba: nani aliyekesha na mtoto, na nani anayelipwa heshima ya kukesha huko?